Jina la Baba Golini

5 Mei

Mwanangu,

Nakuandikia hivi hivi, maana nikingoja nitulie sitakuandikia leo. Jana nilikuwa nashona sare za shule, redio ya mjomba wako inapiga kelele zake za kila siku, mara nikasikia mtangazaji anataja jina la baba yako. Nikadhani masikio yameanza kuzeeka. Akalitaja tena. Kipa wa timu ya kinu cha unga, fundi wa mitambo wa kinu hichohicho, amedaka penalti mbili. Mjomba wako akauliza, kwani si huko aliko mtoto? Nikamwambia anyamaze nisikie.

Kwa nini hukuniambia? Ulipokuwa mdogo mpira ukija upande wako ulifumba macho. Basi damu ni damu, hata ikichelewa hufika.

Unajua baba yako alivyoingia kaburini. Goli moja tu, siku ya fainali ya timu ya karakana, mpira ukampita miguuni, na kuanzia siku ile mji mzima ukamwita Kapu. Jina alilopewa na wazazi wake likafa kabla yake. Hata kwenye mazishi kuna mzee alisimama akasema Kapu ametutoka, na watu wakaitikia. Sasa jina lake limerudi, tena kwa sifa, tena redioni. Leo sokoni yule muuza mkaa aliyekuwa akimcheka kuliko wote ameniita mama wa kipa.  Nilipita tu, lakini nilipita polepole.

Kula vizuri. Kipa hadaki kwa njaa.

Mama yako


14 Mei

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima, mashine zangu pia ni nzima, isipokuwa ile kubwa ya kusaga, ambayo ina tabia ya kukata mkanda kila bosi akiwa na wageni. Nimeitafutia dawa na nadhani safari hii itatulia.

Kuhusu mpira, ni mambo ya kiwandani tu, yasikunyime usingizi. Watangazaji nao unawajua, chumvi hawapimi. Nakuomba usiwaambie watu wengi. Timu ndogo leo inasifiwa, kesho inafungwa, na mimi sipendi uchekwe tena kwa ajili ya mpira.

Nimefurahi kwamba ulipita polepole.

Mwanao


15 Mei

Gundi,

Umeniponza. Mama amekusikia redioni akidhani ni mimi.

Wewe uko huko kambini unapakwa mafuta ya misuli, hujui ninayopitia. Bosi alipotaka ucheze kwa leseni yangu, kwa sababu ligi ya viwanda haitaki mchezaji asiye mfanyakazi na wewe ulikuwa mbeba mizigo wa sokoni, aliniambia ni mechi mbili tatu, kipa wetu apone goti. Wala hakuniomba, alinijulisha. Nikatoa jina, wakabandika picha yako. Goti la yule bwana limepona zamani, sasa ndiye anayewabebea maji. Na kila mnapocheza hapa nyumbani mimi nafungiwa stoo ya magunia, watu wasije wakaona wawili wenye jina moja. Nadhani ni mimi peke yangu katika kinu hiki ambaye sijawahi kuiona timu yetu.

Nisingekuwa na neno. Lakini redio haisemi jina langu, inasema la baba tu, na baba alichekwa kwa jina hilo mpaka wakamvua wakampa jingine. Alifungwa goli la kijinga kwenye fainali, wakamwita Kapu. Sasa mama anasikia wewe unavyomsafisha marehemu na anadhani kitambaa nimeshika mimi. Nikimwambia ukweli nitamzika mzee mara ya pili. Nisipomwambia, nitakuwa mtoto wa namna gani?

Kama una roho ya utu, fungwa kidogo. Mtolewe mapema, jina lirudi, mambo yaishe.

Fundi


24 Mei

Fundi wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Kufungwa makusudi siwezi. Nimejaribu mazoezini, nikauacha mpira mmoja upite, mkono ukaenda wenyewe kuukamata. Mimi na mkono wangu hatuongei siku hizi.

Lakini nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mimi jina langu nilipewa na mlezi wa kituo cha watoto siku niliyookotwa, na inaonekana siku hiyo alikuwa na haraka. Hakuna mtu aliyelibeba kabla yangu. Sasa kambini wananiita kwa jina la baba yako asubuhi mpaka jioni, na juzi mtu aliniita kwa nyuma nikageuka kabla sijafikiri. Nikaogopa kidogo. Halafu nikaona raha. Nilihisi nyuma yangu kuna mtu.

Waandishi wa habari wananiuliza baba alikuwa nani. Nilikuwa nawajibu kwamba alikuwa mtu wa watu. Tangu barua yako najibu kwamba alikuwa kipa, tena mzuri, aliyepata siku moja mbaya. Kama nimekosea nirekebishe.

Nusu fainali ni Jumamosi. Kafungiwe salama.

Gundi


4 Juni

Mwanangu,

Mmeingia fainali! Mjomba wako ameruka akavunja kigoda, sasa tunakalia ndoo.

Nisikilize vizuri. Fainali ya baba yako sikuiona, alikuwa hajanioa, nilisimuliwa na wanaocheka. Hii nitaiona kwa macho yangu. Mjomba wako amepata nafasi kwenye lori la jamaa yake, tutashukia palepale uwanjani. Usihangaike kunitafutia pa kukaa, wala usije kunisalimia kabla ya mechi, najua makocha hawapendi. Nitakaa kimya jukwaani. Nataka tu niwepo wakilitaja jina lake.

Nimeshona gauni jipya. Usinijibu kwamba ni mbali, najua ni mbali.

Mama yako


17 Juni

Mama, shikamoo.

Usije. Nakusihi usije, na nakuambia sababu ambayo nilipaswa kuiandika tangu barua ya kwanza.

Kipa huyo si mimi. Ni kijana anaitwa Gundi, mpira ukimgusa hauondoki. Anacheza kwa leseni yangu, kwa kuwa hakuwa mfanyakazi. Bosi alipanga, mimi nikakubali kwa sababu ni bosi, na kwa sababu niliona jina ni kama koti, mwenzio akisikia baridi unamwazima, likirudi unalivaa. Sikujua wewe ungelisikia. Uliposema umepita sokoni polepole, nikakosa nguvu za kukuambia. Kila nikianza kuandika naona yule muuza mkaa.

Mimi bado nafumba macho mpira ukinijia. Ninachojua ni mashine. Ile kubwa ya kusaga ilikuwa ikikata mkanda kila wiki, mafundi wawili kabla yangu walishindwa, mimi nimegundua kwamba gurudumu lake limekaa upande kidogo tu, upana wa ukucha. Tangu nilinyoshe haijakata. Hakuna redio iliyotangaza na sijaona ajabu, lakini na wewe, Mama, hujawahi kuniuliza mashine inaendeleaje.

Nisamehe. Naipeleka barua hii posta mwenyewe, ikuwahi kabla hamjapanda lori.

Mwanao


23 Juni
Hospitalini, kwenye benchi la wodi ya wanaume

Wewe,

Sijui nikuite nani, ndiyo maana nimeandika hivyo. Kama uliniandikia nisije, haikunifikia. Tulitoka nyumbani mapema tupitie kwa wakwe wa mjomba wako.

Timu zikaingia. Nikamtafuta mwanangu golini nikaona mlingoti wa mtu, mrefu, mabega kama mlango. Nikadhani ni macho. Wewe hukuwahi kufika bega la baba yako. Akavua kofia akajifuta jasho, na uso ule sikuuzaa mimi. Nikamuuliza kijana aliyekaa mbele yangu, kipa yule ni nani? Akanitajia jina la mume wangu. Alinitajia kwa heshima zote, akanishangaa mama gani huyu asiyemjua.

Kipindi chote cha kwanza sikuona mpira. Nilikuwa nakuona wewe. Nilitaka kusimama niwaambie watu wote kwamba wameibiwa, kwamba na mimi nimeibiwa. Mjomba wako alinishika mkono, akaniambia nikipiga kelele hapa kazi ya mtoto imekwisha. Nikakaa, lakini kwa hasira.

Mwishoni kabisa mshambuliaji wao akabaki na yule kijana peke yao. Kijana akautupia mpira mwili wote, akaukamata, kisha akajigonga kwenye mlingoti wa goli. Nilisikia mlio kutoka nilipokaa. Mpira hakuuachia. Wakampeleka nje kwa machela akiwa bado ameukumbatia, mwamuzi akapiga kipenga cha mwisho, mkawa mmeshinda, na watu wakasahau kabisa kwamba kuna mtu ameumia.

Kipaza sauti kikaita, ndugu wa kipa, likatajwa jina, afike mlango wa wachezaji. Nikasubiri nimwone huyo mwanamke aliyemzaa. Nilikuwa nimemwandalia maneno yake. Wakaita tena. Watu wanaimba, wanarusha viti, hakuna aliyeinuka. Walipoita mara ya tatu nikaelewa kwamba kijana yule hana mtu, na kwamba katika uwanja mzima mwenye jina lile ni mimi. Nikasimama.

Bega limevunjika na damu ilikuwa imevujia ndani. Daktari alitaka ndugu wa kuweka sahihi ili apasuliwe mara moja. Muuguzi akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema, "Ni mwanangu."

Nikaweka sahihi. Jina sikudanganya, nilidanganya tumbo tu.

Ameamka leo asubuhi. Amenitazama akajua mimi ni nani bila kuambiwa, akaanza kulia, akasema anaomba radhi. Nimemwambia anywe uji kwanza. Na wewe kaa huko huko mpaka hasira yangu ipoe, nitakuambia ikipoa.

Mama


30 Juni

Mama, shikamoo,

Na hata usipoitikia, shikamoo.

Barua uliyoandika hospitalini nimeipata. Yangu ya kukuzuia utaikuta imepitishwa chini ya mlango. Sitajitetea. Nilikuwa stoo ya magunia na redio ndogo, nikasikia wanaita ndugu wa kipa, na nikahofia kwamba barua haikukuwahi, kwamba wewe uko uwanjani na mimi nimefungiwa kufuli. Nilipiga mlango mpaka ngumi zikavimba. Mlinzi alikuwa amekwenda kushangilia.

Sasa sikia maajabu. Gazeti limeandika kwamba fundi wa mitambo amevunjika bega, kwa hiyo bosi amenifunga bandeji kuanzia shingoni mpaka kiunoni na kuniamuru nisionekane. Natembea chumbani kama mtungi uliofungwa kamba. Mashine kubwa imekata mkanda tena, hakuna anayeiweza, na mimi naisikia kutoka dirishani inavyolia siruhusiwi kuigusa. Kinu kina kombe, unga hakina.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Timu kubwa, ile inayocheza nchi nzima, inamtaka Gundi, na inamtaka kwa jina analojulikana nalo. Bosi ameniita. Anasema jina hilo kwangu halina kazi, ni jina la kushika spana, ila kwa Gundi litafika mbali. Anataka niache kazi kwa karatasi, kisha aniajiri upya kwa jina jingine. Amenipa hata nafasi ya kulichagua. Nisipokubali, anasema yeye hanijui.

Nilimwambia jina si langu peke yangu, nina mzazi. Nikikubali, baba atasikika kila Jumapili nchi nzima, wala hakuna atakayekumbuka kwamba aliitwa Kapu. Nikikataa, yatajulikana yote, na sokoni watacheka mara mbili. Sema wewe, Mama. Mimi nimeshakuharibia, sitaki niharibu tena kwa kuamua peke yangu.

Mwanao


5 Julai

Mama,

Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko usikutishe.

Tangu uondoke wodi imepoa. Mgonjwa wa kitanda cha pili bado anauliza yule mama aliyemkemea daktari atarudi lini. Muuguzi naye anasema nimefanana na wewe, hasa kwenye macho. Nimemwacha aamini, ukweli wenyewe haumsaidii chochote.

Walikuja watu wa timu kubwa na makaratasi. Jina la mzee wako limeshaandikwa juu, pa sahihi ni peupe. Bosi wa kinu alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu. Nimewaambia bega linauma, warudi wiki ijayo.

Mama, nitasema ukweli kwa kuwa wewe hukunidanganya hata pale nilipokuuliza kama ungesimama endapo ungeijua habari ya leseni kabla hujaja. Ulisema hujui. Basi mimi najua kitu kimoja, nalipenda hili jina. Ningelichukua leo. Nililala nalo kambini, nikavunjika bega nikiwa ndani yake, na maishani mwangu ni mara ya kwanza kuitwa hadharani na mtu akainuka. Lakini nikilichukua, Fundi anabaki bila chake. Mimi najua mtu asiye na wa nyuma yake anavyoishi, simtakii.

Ila liko la mzee. Ukisema nilibebe ili asafishwe, nitalibeba, nitadaka mpaka nizeeke, na siku yoyote sitamwambia mtu kwamba si baba yangu. Ukisema niliache, nitakwenda mwenyewe ofisi ya ligi nikaseme yote kabla bosi hajasema nusu yake. Timu kubwa ikinikataa, soko lipo, mizigo haijaisha duniani.

Nakungoja useme.

Gundi


12 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hasira imepoa, haijaisha.

Barua yako niliikuta chini ya mlango, mjomba wako akiikanyaga. Nimeisoma, na pale uliposema sijawahi kukuuliza mashine inaendeleaje nimeiweka chini nikaenda kuchota maji. Kweli sijauliza. Nilikuwa nangoja mwanangu anifutie vicheko vya watu, nikasahau kumuuliza kazi yake. Gurudumu lilikaa upande kwa nini? Ni wewe uliyeliona au kuna aliyekuonyesha? Niandikie yote, tena taratibu, najua habari za mkanda kwa sababu ya cherehani.

Jina ulipewa ulivae, hukupewa uliazime. Vua hizo bandeji leo, umwambie bosi wako mimi nimekataa. Akikufukuza, basi, lakini sidhani. Mtu hali makombe.

Kuhusu sokoni, nimeshakwenda. Nilitaka waisikie kwangu kabla ya gazeti. Nikamwambia muuza mkaa kwamba kipa yule si mwanangu na mume wangu ni yuleyule aliyefungwa. Alicheka, kama nilivyojua atacheka. Nilirudi nyumbani nikalia kidogo kwa ajili ya baba yako, maana ni mimi nimemrudisha Kapu kwa mdomo wangu. Halafu nikaona kwamba wakati wote huo sikumkumbuka yeye, nilikuwa nakumbuka kicheko tu. Alikuwa na mikono mikubwa, alikubeba kwa mmoja. Nilipaswa kukusimulia hayo.

Njoo nyumbani mwezi huu. Bila leseni.

Mama yako


12 Julai

Gundi, mwanangu,

Jina liache. Si kwa ubaya, na si kwamba hukulitendea haki. Ulilitendea haki kuliko sisi wenyewe. Lakini mume wangu alifungwa lile goli na ni lake, aliishi nalo, hakumwomba mtu amfutie. Nikikubali ulale ndani ya jina lake mpaka uzeeke, nitakuwa nimewafukia watu watatu ili niweze kupita sokoni vizuri.

Nenda ofisi ya ligi. Kombe walichukue. Mkono ule ulioushikilia mpira na mfupa umevunjika hawauchukui, na timu yenye akili itautaka hata uitwe nani.

Uliniuliza kule wodini kama ningesimama endapo ningeijua habari ya leseni kabla, nikasema sijui. Bado sijui, na sitaki kukupamba. Ila yajayo nayajua. Kila nilipokuuliza jina lako ulicheka ukageukia ukutani, ukasema ni jina la mtu mwenye haraka. Haidhuru alikuwa na haraka. Niandikie barua nyingine uliweke hapo mwisho, lote, kwa herufi kubwa nilisome bila miwani. Siku wakiliita uwanjani nijue ni mimi ninayetakiwa kusimama.

Mama yako